Bakambu ni wa wapi? Swali la mpira linalowahusu watu wa mpakani

Usiku wa Novemba 16, 2025, watu wa Mpondwe hawakuhitaji redio ili kujua matokeo ya mechi iliyokuwa ikichezwa Rabat, Morocco. Kelele zilivuka mto Lhubiriha kutoka Kasindi. Huku kwetu saa sita ya usiku ilikuwa imekwisha kupita, kwao saa iko nyuma yetu kwa saa moja, lakini hakuna aliyelala upande wowote. Kongo ilikuwa imeitoa Nigeria kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 1-1, na nahodha Chancel Mbemba ndiye aliyepiga mkwaju wa mwisho. Nigeria ilikuwa imefungiwa njia ya Kombe la Dunia la 2026, na Chui wa Kongo walikuwa wamebakiwa na hatua moja tu ya mchujo wa mabara.

Mwezi uliofuata furaha hiyo iliingia mchanga. Shirikisho la soka la Nigeria liliwasilisha malalamiko FIFA. Halikulalamikia refa wala penalti. Lililalamikia makaratasi. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ya Kongo hairuhusu mtu kuwa na uraia wa nchi mbili, na kwamba wapo wachezaji waliozaliwa au kulelewa Ulaya ambao walivaa jezi ya Kongo bila kuuacha uraia wa huko.

Jumanne iliyofuata, siku ya soko, mama mmoja anayeuza vitenge pale Mpondwe alinisimamisha. "Mwalimu," aliniuliza, "kama watoto wa Ulaya si Wakongo, basi yule Bakambu ni wa wapi?" Nilimjibu kwa mzaha kwamba Bakambu ni wa yule anayemshangilia. Alicheka, kisha akasema jambo lililonifanya niandike makala haya: "Na wangu niliowazaa kule, wakasomea huku, ni wa nani?"

Mimi si wakili wa FIFA, na makala haya hayahukumu kesi ile. Yanalichukua swali la yule mama. Ndugu msomaji, maisha ya mchezaji mmoja wa mpira yanaweza kutusaidia kuliona vizuri kuliko hotuba nyingi za viongozi.

Kutoka Paris hadi Villarreal

Cédric Bakambu alizaliwa Aprili 11, 1991, katika vitongoji vya Paris, na wazazi wenye asili ya Kongo. Alifundishwa mpira na klabu ya Sochaux, mashariki ya Ufaransa, ambayo ilianzishwa mwaka 1928 na wenye kiwanda cha magari ya Peugeot. Wale wanaokumbuka Peugeot 504 zilizopakia mizigo na abiria kwenye barabara zetu watatambua kwamba jasho la kiwanda kile ndilo lililolipia malezi ya kijana huyu uwanjani.

Mwaka 2010 alikuwa katika kikosi cha Ufaransa cha vijana chini ya miaka 19 kilichotwaa ubingwa wa Ulaya kwa kuifunga Hispania 2-1 katika fainali. Katika kikosi hicho walikuwamo Antoine Griezmann na Alexandre Lacazette. Griezmann baadaye alitwaa Kombe la Dunia akiwa na Ufaransa. Bakambu hakuitwa katika timu ya wakubwa ya Ufaransa.

Mwaka 2014 alikwenda Uturuki, klabu ya Bursaspor, na baada ya msimu mmoja tu, Agosti 2015, alinunuliwa na Villarreal ya Hispania. Villarreal ni mji wa watu takriban 50,000, mdogo kuliko manispaa yetu ya Kasese, unaoishi kwa viwanda vya vigae. Hata uwanja wa klabu tangu 2017 unaitwa kwa jina la kazi hiyo, Estadio de la Cerámica. Katika msimu wake wa kwanza alifunga mabao 12 ya ligi na mengine 9 katika Ligi ya Europa, ambako Villarreal ilifika nusu fainali kabla ya kutolewa na Liverpool.

Mwaka huo huo wa 2015 aliamua kuichezea Kongo.

Mwanzoni mwa 2018 aliondoka Hispania kwenda Beijing Guoan ya China kwa dau lililoripotiwa kuwa takriban euro milioni 40. Dau hilo lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa kwa mchezaji Mwafrika hadi wakati ule. Uhamisho wenyewe ulichukua wiki kadhaa, na sababu yake wafanyabiashara wa Mpondwe wataielewa upesi. Mwaka 2017 China ilikuwa imeweka tozo kwa klabu zinazopata hasara: klabu ikinunua mchezaji wa nje kwa bei inayozidi yuan milioni 45, ililazimika kulipa kiasi kingine sawa na hicho katika mfuko wa kukuza vijana. Yaani mzigo mmoja, bei mara mbili. Huko Hispania, kwa upande mwingine, sheria ya mwaka 1985 inamruhusu mchezaji kuvunja mkataba wake kwa kulipa fedha za fidia yeye mwenyewe. Magazeti mengi yaliandika kwamba njia hiyo ndiyo iliyotumika, mchezaji ajinunue kisha afike China akiwa huru. Kila aliyewahi kuona gunia moja likigawanywa kuwa vifurushi ishirini kabla ya kufika kwenye meza ya ushuru anajua kwamba akili ya mpakani haiko mpakani peke yake.

Baada ya China alipita Marseille, Olympiacos ya Ugiriki, Al-Nasr ya Dubai na Galatasaray ya Uturuki, halafu mwanzoni mwa 2024 akarudi Hispania, safari hii Real Betis ya Sevilla. Mei 2025 Betis ilifika fainali ya Ligi ya Conference, ikafungwa na Chelsea 4-1. Kwa hesabu ya haraka ni nchi sita za kazi. Lakini katika muda wote huo, timu ya taifa ilibaki moja.

Maswali matatu ya FIFA

Watu wengi hudhani mchezaji huchagua nchi kama mtu anavyochagua shati sokoni. Sivyo. Kwa kanuni zilizokuwapo mwaka 2015, aliyekwisha kuichezea nchi moja katika timu ya vijana aliweza kuhamia nchi nyingine mara moja tu katika maisha yake, baada ya kujibu maswali matatu. Je, ana uraia wa nchi anayoiomba? Je, uraia huo alikuwa nao tayari siku alipoichezea ile nchi ya kwanza? Na je, hajaichezea nchi ya kwanza mechi ya mashindano katika timu ya wakubwa?

Zamani kulikuwa na swali la nne, la umri. Tangu mwaka 2004 kijana aliweza kuhama iwapo tu hajatimiza miaka 21. Mwaka 2009 mkutano mkuu wa FIFA uliondoa mpaka huo wa umri, na bila mabadiliko hayo Bakambu, aliyekuwa na miaka 24 mwaka 2015, angekuwa amechelewa. Mwaka 2020 kanuni zililegezwa tena. Sasa hata aliyecheza mechi zisizozidi tatu za timu ya wakubwa kabla ya miaka 21 anaweza kuhama, ilimradi miaka mitatu imepita na hakucheza fainali za mashindano makubwa.

Angalia vizuri lile swali la pili, kwa sababu fundo lote limo humo. FIFA inamwambia mchezaji: tuthibitishie kwamba siku ulipovaa jezi ya Ufaransa ulikuwa pia Mkongo. Lakini Katiba ya Kongo ya Februari 18, 2006, katika kifungu chake cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauwezi kushikwa pamoja na uraia mwingine wowote. Kwa hiyo mlango wa kwanza unadai uwe na vitu viwili mkononi, na mlango wa pili unakataza. Sisemi kwamba Bakambu au mwenzake fulani ana pasipoti hii au ile. Nasema tu kwamba Nigeria haikulitunga fundo hilo. Ililikuta limefungwa.

Wala si wanamichezo peke yao. Mwaka 2007 bunge la Kinshasa lilizozana vikali juu ya wabunge waliodaiwa kuwa na uraia wa pili, likaunda tume na kuwapa muda wa kunyoosha mambo yao. Kama waliotunga sheria walihitaji muda wa kujitafuta wao ni akina nani, mchuuzi wa Kasindi atafanyaje?

Familia moja, bendera mbili

Hispania yenyewe ina mfano ambao kila aliyewahi kukimbia atauelewa. Wapo ndugu wawili, Iñaki na Nico Williams, wote wa Athletic Bilbao. Wazazi wao walitoka Ghana, wakavuka jangwa la Sahara, wakaruka uzio wa Melilla na kuwekwa kizuizini kabla ya kupata hifadhi. Iñaki alizaliwa Bilbao mwaka 1994, mdogo wake Pamplona mwaka 2002. Mwaka 2016 Iñaki aliichezea Hispania mechi moja ya kirafiki. Mwaka 2022 akaamua kuichezea Ghana, akaenda nayo Kombe la Dunia la Qatar. Nico alikwenda Qatar hiyo hiyo akiwa na Hispania, na mwaka 2024 alifunga bao katika fainali ya ubingwa wa Ulaya.

Hakuna aliyesema mama yao ana mtoto mmoja mzalendo na mmoja msaliti. Ni watoto waliokula chungu kimoja, na kila mmoja akachagua mahali pa kutoa jasho lake.

Uganda nayo imeingia katika mkondo huo. Beki Elio Capradossi alizaliwa Kampala mwaka 1996 katika familia ya Kitaliano, akazichezea timu za vijana za Italia, kisha akavaa jezi ya Cranes. Jordan Obita, aliyezaliwa Oxford na baba Mganda, alipita timu za vijana za Uingereza kabla ya kuja kwetu. Hili liliwezekana bila kelele kwa sababu Uganda ilifungua mlango wa uraia wa nchi mbili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na sheria ya utekelezaji ikafuata mwaka 2009. Mlango huo una masharti yake. Mwombaji awe na miaka 18 au zaidi, asiwe na uraia wa nchi zaidi ya mbili, na baadhi ya vyeo vikubwa vya serikali hataruhusiwa kuvishika.

Vifungu viwili vya 10

Sasa turudi mtoni. Mpaka wetu na Kongo ulipangwa katika mapatano ya mwaka 1910 kati ya Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani. Bakonzo wa upande huu na Banande wa upande ule ni watu wa lugha moja, ingawa kila upande unaiita kwa jina lake. Wanazikana, wanaoana, wanakopeshana. Chumvi ya Katwe inakwenda kule, mafuta ya mawese na mbao zinakuja huku.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo inazungumza uraia wa kuzaliwa katika kifungu cha 10, kama ile ya Kongo. Ya Uganda inasema mtu aliyezaliwa Uganda ni raia ikiwa mzazi au babu yake mmoja ni wa jamii za asili zilizokuwa ndani ya mipaka Februari 1, 1926, na Bakonzo wamo katika orodha ya jamii hizo. Inaongeza kwamba hata aliyezaliwa nje ni raia ikiwa mzazi au babu yake mmoja alikuwa raia wa kuzaliwa. Katiba ya Kongo nayo inasema Mkongo wa asili ni yule wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa sehemu ya nchi ile ilipopata uhuru, yaani Juni 30, 1960.

Weka maandishi hayo mawili mezani pamoja. Mtoto aliyezaliwa Beni, mama Munande, baba Mukonzo wa Bwera, anaitwa na vifungu vyote viwili. Uganda inamwambia njoo, na hata ukiwa na cha pili tutazungumza. Kongo inamwambia njoo, lakini uje peke yako. Ni mlango ambao upande mmoja umefunguliwa na upande mwingine umejengewa ukuta.

Ndiyo maana yule mama wa vitenge hakuwa akiuliza habari za mpira.

Jumamosi ya mwaka 2019

Nataka niwakumbushe siku moja ambayo swali hili lilikaa wazi mbele ya macho yetu. Juni 22, 2019, Jumamosi, Uganda na Kongo zilikutana Cairo katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Siku kumi na moja kabla yake, Juni 11, Wizara ya Afya ilikuwa imethibitisha Ebola wilayani Kasese. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amevuka kutoka Kongo pamoja na familia yake iliyotoka kuuguza na kuzika kule, akalazwa hospitali ya Bwera, akafariki.

Kwa hiyo tuliingia kwenye kibanda cha video tukiwa tumenawa maji ya dawa, tukisalimiana kwa viwiko. Nusu ya benchi walikuwa wa Cranes, nusu wa Chui, na wengi walikuwa mashemeji. Dakika ya 14 Patrick Kaddu alifunga kwa kichwa, na mara tu baada ya mapumziko Emmanuel Okwi akaongeza la pili. Mechi iliisha 2-0. Kikosi cha Bakambu kilionekana kizito siku hiyo, ingawa baadaye yeye alifunga mabao mawili katika ushindi wa 4-0 dhidi ya Zimbabwe na Kongo ikapenya hatua ya mtoano.

Ninachokumbuka zaidi si mabao. Ni mzee mmoja aliyekaa mwisho wa benchi, mwenye wake pande zote mbili za mto, aliyesema kwa sauti kwamba yeye siku ile hawezi kushindwa. Watu walicheka. Lakini wiki ile ile, mtu wa pande mbili alikuwa anatazamwa kwa hofu, kana kwamba kuwa na ndugu ng'ambo ni ugonjwa. Sote tunajua kwamba Ebola haikuvuka kwa sababu ya uhaini. Ilivuka njia ile ile wanayopita kahawa na bibi harusi.

Ishara ya Abidjan

Wapo wanaosema watoto wa Ulaya huchagua Afrika kwa sababu Ulaya imewakataa. Hoja hii si ya kupuuza. Bakambu hakuwa na nafasi mbele ya Griezmann na wenzake, na ni kweli kwamba mchezaji anayeitwa timu ya taifa thamani yake sokoni hupanda. Tukisema kila mmoja alirudi kwa mapenzi matupu tutakuwa tunajidanganya.

Lakini Februari 7, 2024, kabla ya nusu fainali dhidi ya wenyeji Ivory Coast mjini Abidjan, wachezaji wa Kongo walisimama wakati wa wimbo wa taifa wakaziba midomo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili wakauelekeza kwenye kichwa mfano wa bastola. Walikuwa wanasema kwamba watu wa mashariki wanauawa na dunia iko kimya. Bakambu katika siku hizo alitumia kurasa zake za mtandaoni kuwataka watu waliokuwa na maneno mengi juu ya kombe wawe na maneno pia juu ya mauaji ya mashariki. Kongo ilifungwa 1-0, ikamaliza nafasi ya nne, lakini picha ile ilifika mahali ambapo taarifa za mashirika hazijafika.

Sisi wa Bwera hatukuhitaji kufafanuliwa ishara hiyo. Usiku wa Juni 16, 2023, wauaji wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha hapa Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Mimi ni mwalimu. Siku zile nilisoma majina ya darasani asubuhi nikiwa natetemeka, ingawa shule haikuwa yangu. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa karibu na Paris anapoziba mdomo wake kwa ajili ya Beni, mimi simwulizi pasipoti.

Pia siwezi kusema kwamba kitendo kinatosha mahali pa karatasi. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Moyo unakufanya uwe wa mahali, lakini afisa wa mpakani hasomi moyo.

Nani anavuna?

Tuzungumze na fedha, kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa biashara. Kanuni za FIFA zinasema katika uhamisho wa mchezaji kati ya nchi na nchi, asilimia 5 ya dau inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Katika dau la euro milioni 40, hiyo ni milioni 2. Mchezaji aliyelelewa Ufaransa akiuzwa hivyo, fungu hilo huenda Ufaransa. Klabu ya Beni au Butembo haipati senti hata kama jina la mchezaji ni la huko, kwa sababu haikumlea.

Hapa kuna somo la pande mbili. Kwanza, anayesema Kongo "inaiba" wachezaji wa Ulaya akumbuke kwamba Ulaya hulipwa malezi yake, tena vizuri. Pili, anayejisifu kwa majina makubwa ya kutoka nje akumbuke kwamba majina hayo hayajengi kiwanja kimoja cha watoto nyumbani. Kahawa yetu tunaijua. Inalimwa mlimani, inatengenezwa mbali, na inarudi kwenye chupa yenye bei. Mchezaji wa diaspora ni safari hiyo ikiwa imegeuzwa. Ametengenezwa mbali, anarudi akiwa tayari, na sisi tunapiga makofi bila kujiuliza kwa nini hatuna kinu chetu.

Cheti kisichovuka mto

Niruhusuni niseme kidogo habari zangu, si kwa kujililia. Nilibebwa mgongoni kuvuka mto mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikasoma upande wa pili kwa Kifaransa na Kiswahili. Vita vya kumng'oa Mobutu vilipoanza mwishoni mwa 1996, mahali pa ukimbizi pakageuka pa kukimbiwa, na huku nako Novemba ya mwaka huo huo ADF walikuwa wameshambulia Mpondwe. Tulirudi mwaka 1998, mimi nikiwa na miaka 16 na vyeti vya sekondari.

Katika shule moja niliyopelekwa, ambayo sitaitaja, mkuu alivigeuza vyeti vyangu juu chini, akasema hajui kusoma Kifaransa, akanipeleka darasa la saba la msingi. Nilikaa dawati moja na watoto wa miaka 12 nikijifunza Kiingereza. Ofisi nyingine nayo iliniambia jina langu lina herufi za Kikongo. Nilitumia miaka mingi kurudi pale nilipokuwa nimekwisha kufika.

Nikisoma kanuni za FIFA leo naona wivu. Mchezaji anayehama ana fomu yake, ana maswali yanayojulikana, ana mahali pa kukata rufaa, na mabao aliyofunga nchi ya kwanza hayafutwi. Mwanafunzi anayehama kutoka Kasindi kuja Bwera, kilomita chache tu, hutegemea hali ya moyo ya mwalimu mkuu aliyemkuta asubuhi hiyo.

La kufanya

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tangu hapo tumesikia mengi juu ya barabara na ushuru, na hayo ni mema. Lakini mtu ni mzigo wa kwanza unaovuka mpaka, na karatasi zake ndizo zilizosahaulika. Kwa maoni yangu mambo matatu hayahitaji kusubiri.

La kwanza ni letu wenyewe wazazi. Tuandikishe watoto. Uganda ina mamlaka ya vitambulisho, NIRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo na mzazi Mganda ana haki inayosomeka katika Katiba, lakini haki bila cheti cha kuzaliwa ni kama mechi bila refa, kila mtu atadai ameshinda. Tunzeni kadi za kliniki, barua za ubatizo, ripoti za shule. Karatasi unayoiona takataka leo ndiyo itakayomjibia mwanao baada ya miaka ishirini.

La pili ni la walimu wenzangu na maofisa elimu. UNEB hulinganisha vyeti vya sekondari vya nje, lakini mzazi wa Mpondwe hajui hilo, na Kampala ni mbali. Shule za mpakani zifundishwe utaratibu huo, na dawati la kuushughulikia liwe Kasese. Mtoto asirudishwe nyuma miaka mitano kwa sababu mkubwa mmoja hasomi Kifaransa.

La tatu ni la serikali mbili. Kifungu cha 10 cha Kinshasa hakikutungwa kwa ubaya. Nchi iliyovamiwa mara kwa mara na iliyoona watu wenye nyumba mbili wakitumia moja kuibia nyingine ina sababu ya kuogopa. Lakini sheria inayotekelezwa kwa mnyonge na kufumbiwa macho kwa mfungaji mabao si ulinzi wa taifa. Ama ikae kwa wote, au ibadilishwe kwa wote. Kwa kuanzia, wakazi wa mpakani wanaweza kupewa hadhi yao katika mapatano ya nchi mbili, yenye haki ya kusoma, kurithi na kufanya biashara pande zote, bila kumlazimisha mtu kumkana babu wa upande mmoja.

Bakambu amekwisha kuvuka umri wa miaka 30 na kidogo, na siku zake za kukimbia zinahesabika. Jina lake litabaki katika orodha ya wafungaji wa Kongo, na hakuna atakayemrudisha chini ya miaka 19. Nilipomwona tena yule mama wa vitenge, nilimwambia kwamba nimepata jibu nusu. Bakambu ni wa mahali alipoulizwa maswali yanayojulikana akayajibu. Wanawe yeye bado hawajaulizwa maswali hayo na mtu yeyote. Wameulizwa tu, kila wanapovuka, "Unakwenda wapi?"

Alikunja kitenge chake, akasema, "Basi waandikie, Mwalimu." Ndiyo maana nimeandika.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari wilayani Kasese.